Nafasi Ipo

Sufuria iligongwa mara tatu, kisha ukafuata mchakacho mpana, mkavu, kama tita la makuti linaloburutwa sakafuni. Mtu akakohoa. Mwingine akapiga mwayo mrefu ulioishia kwa kulalamikia kiuno. Halafu kimya. Fadhila Semboja alikuwa amesimama kizingitini, jua la saa nane mchana bado limo machoni mwake, na mle ndani hakuona kitu ila weusi.

"Kuna nini humu, Bi Mwanaidi?"

"Wanageuka," ikajibu sauti ya mwanamke mtu mzima. "Karibu mwanangu, karibu ndani. Viatu acha hapo hapo, na ukanyage nitakapokuonyesha."

"Wanageuka nani?"

"Wageni wangu."

Weusi ukaanza kupasuka vipande. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa kaniki. Chumba kilikuwa cha hatua tano kwa nne, na sakafuni walilala watu tisa ubavu kwa ubavu, wote wameelekea ukuta wa kushoto, magoti ya huyu nyuma ya magoti ya yule, wamebanana kiasi kwamba hakuna aliyeweza kugeuka peke yake. Akigeuka mmoja sharti wageuke wote; ndiyo kazi ya sufuria. Karibu na mlango, jozi ya miguu mirefu ilikuwa imetokeza nje ya kizingiti kana kwamba imetumwa kuchungulia barabara.

"Usiikanyage hiyo, dada," mwenye miguu alisema bila kufumbua macho. "Mwili wangu umepata zamu, hiyo bado iko kwenye foleni."

"Huyo Nguzo," Bi Mwanaidi akasema. "Alipanda kutoka bondeni mwaka juzi, mto ulipohamia kwao. Hawa wote ni wa bondeni. Usiku wanakwenda kukamua mkonge kiwandani, mchana wanalala. Wenzao tisa wako kazini sasa hivi. Hao wakirudi, hawa wanainuka. Mkeka haupoi."

"Na wewe unalala wapi?"

"Jikoni. Jiko likishapoa."

Fadhila alikuwa amebana kwapani kibao cha shaba kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amekileta kwa furaha, na njia nzima alikuwa akijisemesha hotuba fupi ya kukikabidhi. Yeye ndiye Mtunzi wa Maswali wa Baraza la Makazi la Mkongeni. Juu ya kila mlango wa mji ule palipachikwa Sikio, duara la udongo wa kuchoma lenye matundu madogo, na Baraza lilipotaka kujua jambo, Sikio liliuliza na mwenye nyumba akajibu. Maneno ya kuuliza aliyatunga Fadhila. Miezi miwili iliyopita Sikio liliuliza kaya zote elfu thelathini kama zina nafasi ya watu zaidi, na majibu yalipojumlishwa zilipatikana nafasi elfu arobaini na moja. Kesho asubuhi Baraza lingepiga kura: ling'oe mkonge wa mashariki lijenge nyumba mpya elfu tano, au lisijenge. Na katika majibu yote elfu thelathini, jibu lililomtoa Fadhila machozi ni la nyumba hii. Alilikariri kama mtu akaririvyo beti. Kesho lingesikilizishwa Barazani, la kwanza kabisa.

"Sikio lilipokuuliza," alisema, "ulijibu, 'Hata kumi waje. Moyo ukiwa mpana, ukuta hausongi.'"

"Ndivyo nilivyojibu."

"Hao kumi ungewaweka wapi, Bi Mwanaidi?"

Yule mama akamtazama kwa macho ya mtu anayetafuta namna ya kumwambia mtoto wa watu kwamba kavaa nguo nje ndani. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono iliyokatwakatwa na miiba ya mkonge ya miaka mingi, na kanga yake ilikuwa imefuliwa mpaka maandishi yamebaki kivuli.

"Sasa mwanangu, swali lile lina jibu gani jingine?" akasema polepole. "Limeniuliza, akija mgeni nitamnyima malazi? Nimeulizwa mlangoni kwangu, kwa sauti, na hawa wamelala hapa, masikio yao wazi. Niseme nini? Niseme namnyima?"

"Swali lenyewe tamu," Nguzo akadakia kutoka sakafuni. "Sisi tumeliimba siku tatu." Na kwa sauti nzito ya usingizi akalitoa lote, mizani kwa mizani, bila kukosea:

*Akija kwenu mgeni, mtamnyima malazi?*
*Wakizidi, ni wangapi nyumba itawahifadhi?*

Watu watatu wanne sakafuni wakaitikia mwisho wa mstari wa pili, wakacheka ndani ya mito yao, maana walikwisha uzoea. Nguzo akaongeza, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu bado mgonjwa, lakini tunaendelea kuja."

"Lala wewe," Bi Mwanaidi akamwambia, na alikuwa akitabasamu.

Fadhila hakutabasamu. Joto lilimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele. Beti lile alilitunga yeye, kwa majuma matatu, akilipima kwa vidole mezani. Lilimpatia makofi ya Baraza zima. Na hapa, katika chumba hiki, ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza.

"Na hicho ulichokibeba?" Bi Mwanaidi akauliza.

Alitaka kusema si chochote. Mkono ukamtangulia, ukafungua kitambaa. Maandishi yalisomeka hata katika giza lile: KAYA YA UKARIMU. Bi Mwanaidi akakipokea kwa mikono miwili, akakibusu, akageuka kutafuta pa kukitundika. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mabunda, vikapu na nguo za watu kumi na tisa, msumari juu ya msumari. Akazunguka nacho mara mbili.

"Kilazwe hapa katikati," Nguzo akasema. "Saa kumi na mbili kitaamka na sisi."

Wakacheka tena. Fadhila akavaa viatu vyake upande usio wake, akatoka.

*

Mchwa walikuwa wamelala uwanjani, nyuma ya kiwanda, safu kwa safu chini ya maturubai. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko ngumi, mwili wa chuma cheusi, tumbo la kioo. Ukiwamwaga elfu moja juu ya udongo mwekundu walikuwa wakiula, wakiuchanganya na nyuzi za mkonge, na kuutapika ukiwa ukuta. Kwa saa tisa chumba kilisimama, chenye madirisha na paa la kuba, bila fundi mmoja kushika mwiko. Lakini chuma peke yake hakijengi. Kilichoushikanisha udongo ni chachu, ute wa kijani uliofugwa ndani ya mapipa, na chachu ni kiumbe. Hula, hupumua, na isipofanya kazi hufa.

"Inakufa keshokutwa jua likizama," alisema Mhandisi Athumani Kihiyo, akigonga pipa kwa kidole. Ndiye aliyekuwa mlezi wa mchwa wote wa Mkongeni, mtu mfupi, mcheshi, asiyejua kusema jambo mara moja kama lilisemeka mara mbili. "Keshokutwa. Baraza likikataa kesho, lori la mji wa jirani linakuja kuchukua kilichobaki. Nyingine itakua baada ya miezi saba. Na wewe, malenga wetu, umepauka uso kama umeona mkwe uchi."

Fadhila akamweleza. Hakuficha hata kibao. Athumani alisikiliza, na ucheshi ukawa unamtoka kidogo kidogo.

"Unakumbuka swali langu?" akauliza mwishoni.

Alilikumbuka. Mwaka mmoja nyuma, kwenye kikao, Athumani alikuwa amependekeza Sikio liulize hivi tu: *Chumba cha kulala, wanalala watu wangapi?* Na Fadhila, mbele ya watu, alimwambia kwamba hilo ni swali la polisi. Kwamba watu wa Mkongeni wamekwisha hesabiwa kama magunia mara moja na inatosha. Kwamba mtu muungwana huulizwa kiungwana. Ukumbi ulimcheka Athumani. Naye alicheka pia, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

"Nilikudhalilisha," Fadhila akasema.

"Ulinidhalilisha kwa mizani nane nane. Nilikwenda nyumbani nikazihesabu." Akainama kurekebisha turubai lisilohitaji kurekebishwa. "Basi, yaliyopita si ndwele. La leo ni hili: ushahidi. Umeona nyumba ya watu kumi na tisa, na macho yako si kitu. Sheria unaijua."

Kila mtu aliijua. Zamani kidogo, katika ule mwaka uliobaki ukiitwa Mwaka wa Mihuri, maofisa walipita usiku na vyombo vya kuhesabu pumzi. Nyumba iliyokutwa na pumzi nyingi kupita kiwango ilipigwa muhuri, na familia zikalala katikati ya mkonge, watoto wakachomwa na miiba. Watu waliandamana mpaka wakapata sheria yao: Baraza halitahesabu mtu ndani ya mlango wake, mwenye nyumba ndiye shahidi wa nyumba yake, kwa mdomo wake. Sikio likaruhusiwa kubaki kwa sharti kwamba litalipa Baraza maneno ya jibu tu. Pumzi na sauti nyingine zililala chini kabisa, zimefungwa kwa ufunguo, za kufunguliwa siku ya moto, ili waokoaji wajue wangapi wamo.

"Ufunguo unao wewe," Athumani akasema bila kumtazama.

"Niliapa. Niliapa nyumba kwa nyumba."

"Mficha uchi hazai, Fadhila."

"Na anayeufunua uchi wa mwenzake?"

Athumani akagonga pipa tena, na ute wa kijani ukatikisika kidogo, kama kitu kilichosikia jina lake.

*

Alifungua. Hakuna haja ya kuzungukazunguka: saa kumi na moja jioni, ofisini peke yake, Fadhila Semboja alitia ufunguo na kufungua nyumba ya Bi Mwanaidi, moja tu, akijiambia kwamba atahesabu pumzi na kufunga.

Pumzi zilikuja kama mvua ndogo juu ya bati. Mashine ikazichambua na kuziandika: kumi na tisa kwa siku, tisa na tisa kwa zamu, na moja peke yake jikoni. Hapo angefunga. Lakini ile moja ya jikoni ilikuwa ikisema kitu, alfajiri ya jana, kwa mnong'ono wa mtu aliyezibwa mdomo na kanga yake mwenyewe. Kabla dhamiri haijafika, mkono wa Fadhila ulikwisha kuikuza sauti.

*Mola wangu, wape hawa kwao. Usipowapa wote, wape hata wanne. Nimechoka na pumzi zao, Mola wangu, nimechoka na miguu yao. Nawaambia nafasi ipo na Wewe unajua. Nisamehe, na wasijue.*

Akafunga. Alikaa mikono mapajani, kama mtu aliyeshikwa akiiba kuku kwa maskini. Alikuwa amepata ushahidi. Sekunde kumi na tano zile, zikisikilizishwa Barazani, zingeng'oa mkonge wote wa mashariki kwa kura moja. Sheria ilimkataza Fadhila kufungua. Haikumkataza mjumbe yeyote kulia akishasikia. Wangemfukuza kazi, na nyumba zingejengwa. Na jioni ile ile Nguzo na wenzake kumi na saba wangejua kile ambacho mama yule alimwomba Mungu wasijue.

Aliona vizuri kwamba hata akiitumia vile, watu wangemwita shujaa. Hilo ndilo lililomwogopesha.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa kuanzia saa tatu asubuhi. Mzee Mhina, msemaji wa wakulima wa mkonge, alisimama wa kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya iwe vigumu kumsikiliza.

"Mkonge ule wa mashariki ni kazi ya watu elfu mbili," alisema. "Mkishaung'oa, miaka mitano ndipo urudi, kama utarudi. Mimi sipingi nyumba. Ingekuwa watu wanalala nje, ningeushika mzizi wa kwanza kwa mikono yangu. Lakini watu wenyewe wametuambia. Wametuambia kwa midomo yao kwamba wana nafasi elfu arobaini na moja. Tung'oe riziki ya watu ili tujenge vyumba vya kufugia popo?"

Vichwa vikaitikia ukumbi mzima. Aliongea kwa hoja, na hoja yake ilisimama wima juu ya namba ya Fadhila.

"Sasa tusikilize," Mwenyekiti akasema. Aliitwa Bi Sempombe, mwanamke mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kukunja miwani kabla ya kuuma. "Mtunzi wa Maswali ametuandalia jibu la mfano. Bi Semboja."

Athumani, aliyeketi safu ya nyuma, aliinua nyusi: *umefungua?* Fadhila aliiona ile nyusi, akaikwepa. Mkononi alikuwa na kidude cha kusikilizishia. Sauti mbili zilikuwamo: *Hata kumi waje*, na ile nyingine. Kidole chake kilikaa katikati.

Akakiweka kidude mezani.

"Hakuna jibu la mfano," akasema. "Na namba yenyewe ni batili."

Mwenyekiti akakunja miwani. "Batili kivipi?"

"Swali lilikuwa bovu."

"Swali tulilopigia makofi?"

"Hilo hilo. Nilimuuliza mtu wa Mkongeni, mlangoni kwake, wageni wake wakisikia, kama atawanyima malazi. Mtu wa hapa hajibu hivyo. Mnajua wote hajibu hivyo. Mgeni akikukuta na ugali wa mwisho unamwambia nimeshiba, karibu. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilichukua adabu za watu nikazijumlisha, nikazileta hapa nikaziita vyumba." Akawageukia wajumbe. "Nafasi elfu arobaini na moja hazipo. Lililopo ni haya ya watu elfu thelathini, basi."

Mzee Mhina alikuwa bado amesimama nusu, mkono kwenye kiti.

"Kwa hiyo nafasi ni ngapi?" akauliza. Hakumkejeli. Alitaka kujua.

"Sijui, mzee wangu."

"Na nani alikwambia uulize kwa mashairi?"

"Hakuna. Mhandisi Kihiyo alileta swali la kawaida. Nikalicheka. Nilipenda langu kwa sababu lilikuwa zuri, na kwa sababu lilikuwa langu."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, si kikubwa, pembeni huko, na mtu akanong'ona kwa makusudi asikike, "Malenga kajiaibisha." Fadhila alisimama akakipokea chote. Alikuwa amewahi kusimama pale pale akipigiwa makofi.

Bi Sempombe alifungua miwani, akaivaa. "Baraza halijengi kwa 'sijui'," akasema. "Wala halikatai kwa 'sijui'. Mhandisi, chachu yako inakufa lini?"

"Kesho jua likizama, Mwenyekiti. Kesho. Mchwa wakiamshwa hata dakika moja kabla, chachu inaishi maadamu wanafanya kazi."

"Basi kaya mia nne, zichaguliwe kwa kura. Swali la Mhandisi, kavu kama lilivyo. Makarani ishirini, na wewe Bi Semboja wa ishirini na moja, kwa miguu. Msivuke vizingiti. Kesho saa tisa namba iwe hapa. Ikionyesha watu wamejaa, mkonge utang'olewa." Akamgeukia Mhina. "Na wewe utashika mzizi wa kwanza."

"Nitaushika," mzee akasema.

"Baada ya hapo, Bi Semboja, tutazungumza kama Baraza linahitaji Mtunzi wa Maswali."

*

Kura ya kaya ilipopigwa, nyumba ya Bi Mwanaidi ilitoka, ila katika fungu la karani mwingine. Fadhila aliiomba. Karani aliyepangiwa mtaa ule akamwachia, akiwa na huruma inayokera.

Alisimama nje ya kizingiti, saa saba mchana, Sikio la mkononi limefunguliwa. Miguu ya Nguzo ilikuwa mahali pake. Bi Mwanaidi alitoka akijifuta unga mikononi, na alipomwona akaanza, "Karibu mwanangu, karibu nda..."

"Leo nakaa nje, mama. Nimetumwa swali." Neno kwa neno, bila mapambo, akalisema: "Chumba cha kulala, wanalala watu wangapi?"

Lilikuwa swali baya. Halikuwa na mizani, halikuwa na kina, halikumpa mtu heshima yoyote. Bi Mwanaidi alilisubiri liendelee, na lilipokuwa haliendelei uso wake ukafanya kitu ambacho Fadhila hakukitarajia. Ulitulia. Hakuulizwa kama atamfukuza mtu. Hakuulizwa kuhusu moyo wake.

"Tisa mchana, tisa usiku," akajibu wazi. "Na mimi jikoni. Jumla kumi na tisa." Kisha, kwa kuwa Sikio bado lilikuwa wazi na yeye bado alikuwa yeye, akaongeza, "Na nafasi ipo."

"Andika kumi na tisa," Nguzo akasema kutoka chini. "Hiyo nyingine ni salamu."

Fadhila akafunga Sikio. Kazi ilikuwa imekwisha kwa nusu dakika. Mwaka mzima wa uzuri wake ulishindwa na nusu dakika ile.

"Bi Mwanaidi, naomba unisindikize kidogo."

Wakatembea mpaka ukingoni mwa mkonge, mahali ambapo majani makali yalisimama kama mikuki na hapakuwa na mtu wa kusikia. Fadhila alikuwa amejiandaa kuanza kwa mbali. Alipofungua mdomo, maneno yakakataa mzunguko.

"Jana niliifungua nyumba yako. Pumzi. Niliapa sitafungua, nikafungua. Nilisema nahesabu tu."

Mama yule aligeuka kuutazama mji.

"Nikasikia alfajiri yako. Jikoni."

Bi Mwanaidi akashusha upindo wa kanga mpaka usoni, akasimama hivyo hivyo, amejifunika, mwanamke wa miaka sitini na ushei katikati ya jua. Fadhila alitamani apigwe kofi. Lisingetosha, lakini lingekuwa kitu cha kushika.

"Umemwambia nani?" sauti ikatoka ndani ya nguo.

"Hakuna. Asubuhi nilikuwa nayo mkononi, Barazani. Sikuitoa."

"Nguzo ananiita mama," Bi Mwanaidi akasema. "Wa kwao alichukuliwa na mto. Akijua niliomba aondoke..." Baadaye akafunua uso, na macho yalikuwa makavu, makali, ya mtu aliyekwisha kuamua kutolia mbele ya mwizi. "Nilikukaribisha kwa mlango. Kumbe ulikuwa unataka dirisha."

"Ndiyo, mama."

"Itafutwa?"

"Inafutika. Lakini sheria inataka jina la aliyefungua libaki pale pale ilipokuwa sauti, na aliyefungua hushitakiwa."

"Kwa hiyo ukiifuta unajifunga mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na usipoifuta?"

"Hakuna atakayejua kwamba nilifungua."

Bi Mwanaidi akamtazama kwa namna ile ya kumpima mtu kama mzigo: utanifikisha, au utaniangusha njiani? Hakumrahisishia. Hakusema basi, wala yaishe. Akangoja.

Na Fadhila Semboja, ambaye maisha yake yote alikuwa akitafuta neno zuri kwa kila jambo, hakutafuta.

"Naifuta leo, kabla jua halijazama," akasema. "Kesho saa tisa, namba ikishasomwa, nitasimama palepale nilipochekwa, niseme kwamba niliingia nyumbani mwako bila hodi. Wakiniuliza nilisikia nini, nitawaambia nilisikia kisichonihusu, wanifunge kwa hilo wakitaka. Maneno yako, Bi Mwanaidi, hayatanitoka kwa Baraza, wala kwa hakimu, wala kwa Nguzo, wala kwa mtoto wa tumbo langu nikijaliwa. Nakuahidi mbele ya Huyo uliyekuwa unamwambia. Nitazikwa nayo."